Shajara ya Kibofu

Tarehe nne Januari. Saa kumi na dakika kumi alfajiri.
Mililita mia na ishirini.
Niliandika hivyo kwa penseli ya kujazia fomu za zamu,
mimi, Bogumiła, dereva wa tramu namba kumi na moja, mjini Łódź,
mwanamke wa miaka hamsini na minane
anayepima mkojo wake kwa jagi la kupimia unga.

Mficha uchi hazai, wanasema.
Mimi nilizaa watatu, na mbele ya wakunga sikuficha kitu.
Hiki ndicho nilichokificha:
suruali nyeusi hata mwezi wa Julai,
mfuko wa nailoni chini ya foronya ya kiti,
na ramani kichwani isiyochapishwa na halmashauri,
kanisa lipi huacha mlango wa nyuma wazi,
duka lipi la maua lina choo na mwenyewe ana huruma.
Chai niliiacha. Maji niliyaogopa kama deni.
Kicheko nacho nilikipima kabla ya kukitoa.
Kwenye sherehe ya kumuaga Wiesława
nilicheka bila kupima,
nikabaki nimekaa mpaka taa zikazimwa.

Daktari alisema, kisu kipo, lakini hatuanzii huko.
Akanipeleka ghorofa ya chini kwa Bi Żaneta,
msichana wa mikono mikavu, soksi za rangi mbili,
aliyetamka "mkojo" kama mtu anayeomba chumvi.

Akanifundisha kubana.
Si makalio. Si tumbo. Si meno.
"Pale ndani," alisema, "kama mtu anayezuia ushuzi kanisani."
Nikacheka. Ikatoka kidogo.
"Vizuri," akasema, "tumempata mhalifu."

Bana, hesabu hadi kumi. Achia, hesabu hadi kumi.
Siku ya kwanza nilifika tatu, misuli ikashuka yenyewe
kama lifti ya jengo letu.
Mara tatu kwa siku, miezi mitatu,
na maji unywe, mkojo mzito hukiudhi kibofu.
Kahawa ndiyo upunguze.
Hilo liliniuma kuliko yote.

Na haja ikija ghafla, usikimbie.
Simama. Bana. Iache ipite kama gari la zimamoto:
kelele nyingi, kisha barabara ni yako.
Ngoja dakika tano. Wiki ijayo, kumi.

Sasa, dakika mimi nazijua.
Miaka thelathini na moja nimeishi kwa kuziuza.
Toka Sokoni hadi Kiwanda cha Nguo ni tatu,
toka hapo hadi Makaburini, nne na nusu, taa zikikataa.
Nikaanza kuahidi: si hapa, kituo kijacho.
Kibofu kikalia kama mtoto mbele ya duka la peremende.
Kituo kijacho, nikasema, nikafunga milango.

Abiria hawajui. Bibi wa mkokoteni wa vitunguu
anaposhuka na kunishukuru
mimi nipo kwenye saba, nane.

Februari, hakuna kitu. Machi, hakuna kitu,
nikamwandikia Bi Żaneta ujumbe wa matusi, nikaufuta.
Aprili, tarehe kumi na tisa, chavua iliingia dirishani,
nikaihisi chafya inapanda,
nikabana kwanza, nikapiga chafya baadaye,
na huko chini kukawa kukavu.
Nilipiga kengele bila sababu. Njiwa wakaruka.

Sijapona kwa namna watu wanavyopenda kulisikia neno hilo.
Jana, nikiinua sanduku sokoni, lilitoka tone.
Nimeliandika: Tone moja. Tufaha.

Leo, chumba cha madereva, Zenon amekaa na koti mapajani,
joto lote hili, hasimami hata kujiongezea chai.
Anasema ni mgongo.
Nimechana karatasi ya mwisho ya shajara,
nikaandika namba ya simu ya ghorofa ya chini,
nikaisukuma chini ya kikombe chake
na kumuuliza habari za mgongo.