Nauli ya Udongo

Ubaoni huwa nachora duara.
Jani, funza, mvua, mzizi, jani:
chaki inazunguka, inarudi ilipoanzia,
na wanafunzi wa mwaka wa tatu wananakili
kama vile dunia iko tambarare,
haina pa kumwagikia.

Kisha kengele inalia, nateremka Funu
kwa ngazi zilizochongwa na majembe,
mvua ikizidi kuzichonga.

Huku kwetu duara lina mteremko.
Maganda ya ndizi ya avenyu ya juu
hulala usiku mmoja tu katika mfereji wetu.
Asubuhi yako Kahwa,
jioni yako ziwani, pamoja na chupa,
kandambili moja ya mguu wa kushoto,
majivu ya makala
yaliyokuwa mti huko Kahuzi mwezi uliopita,
na udongo. Udongo mwekundu, mwingi,
unaondoka bila kuaga mtu.

Kivu halirudishi.
Nililisoma hilo chuoni, nikafaulu mtihani, nikalisahau:
maji ya chini ni mazito, yana chumvi na gesi,
hayapandi kusalimiana na ya juu.
Sambaza wanakula kinachoelea kwenye mwanga.
Kinachozama kinawekwa benki
isiyompa mtu daftari.

Mama Nzigire hakusoma chuo.
Mvua ikikatika, kabla kuku hawajatoka,
yuko mferejini, kitenge kimefungwa magotini,
anazoa tope kwa sufuria iliyotoboka:
maji yavuje, kilichonona kibaki.
Anajaza beseni, anapanda nalo ngazi arobaini na moja
hadi kwenye tuta lake la maharage na lenga-lenga
lililoegemea ukuta wa jirani kama mgonjwa.
Anachambua chupa, anachambua mifuko myeusi,
anachanganya mavi ya simbilisi na maganda ya mihogo,
anafunika, anaenda sokoni.

Nilimcheka. Kimoyomoyo, lakini nilimcheka.
Mlima mzima, kuupandisha kwa beseni?

Mwezi wa kumi na moja, usiku ule wa mvua ya mawe,
ukuta wangu wa nyuma ulipiga magoti.
Migomba mitatu iliondoka imesimama wima,
mikungu mikononi,
kama watu wanaohama wakiwa wamevaa nguo zao zote.
Sisi hatukufa.
Mtaa wa chini yetu hawawezi kusema hivyo.

Siku ya tatu alibisha hodi, beseni kichwani.
Akalitua mlangoni, akapangusa shingo.
“Mwalimu, udongo wako ulifika kwangu.
Nimekuletea nusu.”
Na nusu nyingine?
“Nauli.”

Nilicheka, kisha nikanyamaza.
Nikainamia beseni. Ulikuwa mweusi
kuliko ulivyowahi kuwa wangu,
alikuwa amekwisha kuulisha,
na ndani yake nyungunyungu mmoja
akijikunja, akijikunjua,
akitafuta chini ni wapi.

Sasa tuko sita mferejini mvua ikikatika.
Si wengi. Ziwa halijaona tofauti.
Juu yetu bado kuna anayemwaga,
juu yake kuna aliyekata mikaratusi akajenga,
na mimi mwenyewe napikia makala,
sina la kujitetea.
Nimepanda mabingobingo pale ukuta ulipokuwa.
Yameshika, upande mmoja.

Ubaoni bado nachora duara,
maana mtihani wa serikali unataka duara.
Ila jana niliacha upenyo, upande wa chini,
nikasimama, chaki hewani.
Ntakwinja wa dawati la nyuma akasema,
“Mwalimu, umesahau kufunga.”
Nikamuuliza anakaa wapi.
“Nyamugo, karibu na mfereji.”

Nikampa chaki.