Mkuyu wa Clun

Kamusi yangu inasema: mkuyu.
Mkuyu ninaoujua mimi una matunda, na ndege wanaoyagombania.
Huu wa bonde la Clun hauliwi na yeyote mwenye akili;
mbegu zake zina bawa moja moja,
na Oktoba, upepo ukivuma kutoka Wales,
zinashuka zikizunguka kama pia
hadi malishoni mwa Bi. Gwenda Prosser.

Alfajiri ile Teasel hakuja langoni.
Alisimama kwenye umande, miguu imekakamaa,
jasho likimchuruzika, na sisi pumzi zetu zikitoka kama moshi.
Nikasema: tumbo.
Bi. Gwenda akasema: kwato.
Jirani, aliyekuja na trekta bila kuitwa,
akasema ni ugonjwa wa Jumatatu,
ule wa farasi anayeshinda na shayiri Jumapili nzima,
kesho yake akitiwa kazini misuli inajifunga kama kufuli.
Lakini ilikuwa Alhamisi,
na Teasel alikuwa hajatiwa hatamu tangu Agosti.

Daktari Hester Maddocks hakusema kitu.
Aliweka sikio ubavuni: tumbo linanguruma, zima.
Alipapasa kwato: baridi.
Alibonyeza paja, na paja likaendelea kutetemeka peke yake
kama maji ndooni lori likipita.
Kisha akasubiri.
Sikujua kwamba kupima ni kusubiri pia:
nusu saa nyuma ya farasi, kopo mkononi, manyunyu shingoni,
mpaka mkojo ukaja
mweusi kwa wekundu, maji ya ukwaju yaliyolala.

"Hiyo ni misuli," alisema. "Inayeyuka."

Damu ikapelekwa Shrewsbury.
Jibu lilirudi kwa simu, tarakimu ndefu
hata nikamwomba anitajie tena, polepole, niandike mkononi.
Kinachopaswa kukaa ndani ya nyama
kilikuwa kimemwagika chote kwenye damu.
Hapo ndipo Hester alipoinua uso
akautazama mti.

Teasel alilala chini saa nane mchana.
Moyo mbio, mgongo mgumu kama ubao,
na bado anarefusha shingo, anaomba nyasi.
Hilo ndilo lililomliza Bi. Gwenda:
si maumivu, ni ile njaa.

Dripu. Sukari, vitamini, mablanketi matatu na koti langu.
Asubuhi ya tatu mkojo ulikuwa chai kali,
jioni, chai nyepesi.
Hatukushangilia. Hester alisema tusishangilie.

Nilizoa mbegu kwa reki, magunia kumi na moja,
na mti bado ulikuwa umejaa.
Usiku nikafungua kamusi, nikaandika kwa penseli pembeni:
si huu.
Kisha nikalitikisa koti nje ya mlango,
na mfukoni zilikuwamo mbili, zimekunja bawa.

Kikulacho, tulifundishwa utotoni.