Gundi ya Kijivu

Alioni aliileta akiisukuma, saa mbili kasoro,
toka kilima cha Ediofe hadi bandani kwangu, hapa Oli,
mtaa uliopungukiwa irabu moja tu uitwe oili.
"Inalia," akasema. "Ubavu wa kulia.
Nikiongeza moto inalia kama mtoto aliyefinywa,
nikipunguza inanung'unika."

Sikuiwasha. Nilifungua nati ya chini, nikakinga beseni.
Oili ikashuka nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi,
na nilipoitega juani,
nyota.
Wako watu hulipia mapambo ya namna ile.
Mimi nilijua ni gia inayojila.

Maana mle ndani mna ndoa:
gia ndogo ya krenki, gia kubwa ya klachi,
jino kwa jino, wala si kisasi,
jino lampa jino mwendo, na kati yao
utando wa oili mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Utando ukiwepo, wanasukumana mwaka mzima bila kugusana.
Ukitoweka, chuma huonja chuma,
na chuma kikionja chuma hakishibi.

Nikafungua kifuniko.
Bolti nilizichomeka kwenye kipande cha boksi, kila moja mahali pake,
Ezati asije akanichanganyia ndefu na fupi.
Meno ya gia ndogo yameiva buluu kwa joto,
mengine yana vishimo, uso wa aliyepona ndui.
Bushi ya kikapu imelegea: niliitikisa kwa kidole
ikanijibu, tak, tak.

"Oili feki," akasema Ezati, "ile ya kupimiwa, njia ya Koboko."
Alioni akaapa kwa mama yake: ya chupa,
kizibo hakijaguswa, kila baada ya wiki mbili.
Nikamtazama kwa jicho la fundi,
jicho lisilomwamini mteja hata akilia.

Kisha nikapuliza tundu la kupitishia oili.
Pumzi ikanirudia.
Nikachokonoa kwa uzi wa waya wa klachi,
kikatoka kitu laini, kinavutika,
si kikubwa kuliko punje ya mtama:
gundi ya gasketi.
Kijivu.

Mafundi wote wa mtaa huu hupaka nyekundu.
Ya kijivu ni yangu.

Aprili iliyopita. Mvua. Gasketi imechanika, dukani hakuna,
Alioni kanisimamia kichwani: fundi, nina abiria wa Nebbi.
Nikapaka. Nikaongeza. Nikaongeza tena, isivuje.
Niliziba ufa nisije nikajenga ukuta,
kumbe nimeziba koo.

Ezati aliona. Akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

Ningeweza kusema, oili feki.
Neno hilo kwetu ni kama malaria,
hubebeshwa kila kifo.

Nikakiweka kile kipande kiganjani mwa Alioni.
"Changu," nikasema.

Alikigeuza. Hakucheka. Akauliza gia ni shilingi ngapi.
"Zote mbili, maana mpya haikai na iliyolika. Na bushi.
Nanunua mimi."

Nilitia oili, nikaizungusha kwa kiki, nikaimwaga,
nikatia nyingine.
Gasketi niliikata mwenyewe kwa karatasi ngumu,
nikaipangusia grisi, basi.
Jioni ikawaka. Niliweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko,
mpini sikioni:
cherehani, nyumba ya tatu, mtu anashona bila haraka.

Alioni aliondoka bila kuaga.
Wiki mbili. Tatu.
Siku moja ya soko nikamsikia akipita, nazijua zote kwa sauti,
amebeba mihogo magunia mawili, anapanda Ediofe.
Haikulia.
Hakusimama.

Tyubu ya gundi ingali rafuni.
Ezati ameiandika kwa wino mnene:
KIDOGO.