Kichwa na Tela

Mulindwa dalali amerudi tena asubuhi hii,
viatu vyeupe kwenye tope la Malaba.
Amelizunguka lori langu mara tatu
kama anayetafuta mlango wa nyumba ya mdaiwa.
Akagonga tenki kwa pete. Akainama. Akanyamaza.
"Owora, lete hili na milioni sitini juu,
uondoke na lile."

Lile limeegeshwa ng'ambo ya barabara,
jeupe, bila hata mkwaruzo wa kulitambulisha.
Gia zinajiingiza zenyewe, kiti kinapumua,
dashibodi imejaa taa
kama mji unaouona usiku ukiwa mlimani.
Langu lina taa moja inayowaka: ya onyo.
Imewaka tangu mwanangu wa tatu aanze kutambaa.
Sasa yuko darasa la nne.

Usiache mbachao kwa msala upitao,
nilimwambia Akongo jana usiku.
"Mbachao wenyewe unavuja oili," akasema,
akachomoa chini ya godoro risiti za spea
alizozitunga kwa uzi kama samaki wa kukausha:
Kisenyi, Ndeeba, Kisenyi, Kisenyi,
na moja ya Lira, imeandikwa juu ya pakiti ya sigara.
Alikuwa ameshajumlisha.
"Gari hili tumelinunua mara mbili, baba Oketcho.
Na mara zote mbili lilikuwa kuukuu."

Nikamega sima ya wimbi. Nikatafuna polepole
ili mdomo uwe na kazi.

Lakini Akongo hakuwepo Karuma
usiku ule mvua ilipokula ukingo wa lami,
tani ishirini na nane za saruji mgongoni,
dizeli inatiririka chini kama mbuzi aliyechinjwa,
na mimi na Ejakait, taniboi wangu,
tulifunga bomba kwa mpira wa ndala yake.
Tukaingia Gulu alfajiri,
yeye mguu mmoja pekupeku.
Lile jeupe likizimika pale
litataka kijana wa kompyuta kutoka Kampala,
na kijana atataka hoteli.

Gia ya tatu ya langu naijua kama goti langu:
huuma kabla ya mvua.

Hata hivyo nimevuka barabara. Nimepanda.
Mlango ukafungwa kwa sauti ya pesa.
Kitini mna bonde la makalio ya mtu mwingine,
mnene kunishinda, aliyeegemea kushoto.
Nyuma ya kizuia jua nikakuta slipu ya benki,
ada ya shule, muhula wa pili,
Kyomuhendo, kidato cha tatu.
Nusu ya ada tu.
Nikairudisha palepale, taratibu,
kama niliyefungua barua ya jirani.
"Mwenyewe yuko wapi?"
"Benki," akajibu Mulindwa,
utadhani benki ni kijiji kilicho mbele ya Mbarara.

Nikajaribu njia ya katikati.
"Basi tubadilishane vichwa tu. Tela nibaki nayo."
Akacheka mpaka akashika bampa.
"Mzee, kichwa chako nitakipima kwa kilo.
Ninachokitaka mimi ni tela."

Miaka kumi na minne.
Kichwa nimekiosha, nimekipaka rangi,
nimekipa jina la marehemu mama.
Tela nimeiona kwenye kioo tu,
ikinifuata bila kuulizwa imekula nini.

Nimemwambia arudi Alhamisi.
Kesho nina mzigo wa Elegu, na mzigo haungoji
mtu amalize kufikiri.

Nimezungusha ufunguo. Limekohoa, limekohoa, limeitika.
Taa ya onyo ikawaka, nami leo nimeitazama.
Ejakait amepanda kavaa viatu vya kamba, vipya.
"Na ndala je?" nikamwuliza.
Akagonga chini ya kiti chake.
"Zipo, mzee. Jozi mbili."