Kijiko cha Kwanza

Askari wa geti la Karanga hanijui jina,
ananijua kwa kontena la bluu lenye mfuniko ulioungua upande.
"Onja," ananiambia. Ndio utaratibu:
aliyeleta chakula aonje kwanza, mbele ya serikali,
isije ndugu akamuua ndugu kwa mtori.
Nami naonja.
Miezi kumi na minne naonja.
Kijiko cha kwanza cha mume wangu nakila mimi,
nimesimama, juani, sijanawa mikono.

Mahakamani kuna sentensi moja, nimeikariri kama Baba Yetu:
upelelezi bado haujakamilika.
Mwendesha mashtaka huisema huku anafunga faili,
hakimu huandika tarehe,
Elirehema hugeuka mara moja tu, kuangalia kama nimekuja,
na karandinga hurudi lilikotoka.
Nauli yangu ya kutoka Uru haijawahi kuahirishwa.

Mama mkwe haji. Anasingizia mguu.
Lakini ndiye anayemenya ndizi usiku,
anazimenya kwa hasira, maganda yanaruka mpaka mlangoni,
na nyama anaweka nyingi kuliko tuliyo nayo.
Kwenye kikoba walinipokea vizuri mno:
kila mtu alinisogezea kiti,
hakuna aliyekalia cha jirani.
Mchungaji aliziombea "familia zenye changamoto,"
nikahisi ananitazama kwa macho yaliyofumbwa.

Mtoto tumemwambia baba yuko Mererani.
Ameniuliza mawe yanaota kwa muda gani.
Muda mrefu, nikamjibu.
"Basi apande na mahindi, asikae bure."

Aliyenishika mkono sikumtarajia.
Mama Aikande, muuza magimbi wa Kiboriloni.
Mwanawe alishahukumiwa, akahamishiwa mbali, safari ya siku mbili;
hapa hana tena wa kumwona.
Bado Jumapili anakuja, na kigoda chake,
anatushikia foleni, anatushikia watoto,
anajua askari yupi hakatai maparachichi,
anajua mche wa sabuni uukate mwenyewe kabla hawajaukata wao,
anajua wadhamini wanatafutwaje na barua ya mtaa inaandikwaje,
ingawa dhamana ya mwanawe ilikataliwa mara tatu.
Siku niliyolia, nikajimwagia mtori viatuni,
hakuniambia Mungu yupo.
Alisema, "Lete hivyo viatu,"
akavipangusa kwa upindo wa kanga,
akanirudisha kwenye mstari,
nafasi yangu ileile.

Leo kuna binti mgeni, kitambulisho cha chuo shingoni,
kamletea kaka yake chipsi kwenye mfuko.
Kaambiwa aonje. Mkono unamtetemeka,
anaona kama anaiba.
Mlima umejifunika, hata mabega hayaonekani,
nasi hatukuja kuutazama.
Nimemsogelea. Nimempa kijiko changu.
"Onja, mdogo wangu," nimemwambia,
"onja vizuri. Na wewe hujala tangu jana."