Kadi ya Chombo cha Saba

Nimepewa mistari minne tu.
Jina la msanii. Mahali. Malighafi. Mwaka.
Kadi yenyewe haizidi kiganja,
na tangu asubuhi nimekalia kiti hiki cha makumbusho
nikiutazama mtungi wa kioo, nao ukinitazama.

Eulogia alishuka na magunzi mawili ya mahindi mfukoni,
kokoto ya mtoni aliyoachiwa na mama yake,
na koti la kuazima, la mtu mrefu.
Februari ya Ufini haina simile:
theluji ilimkuta akicheka, ikamnyamazisha.
Joto alilipata katika karakana ya Taisto,
na papo hapo akakatazwa kugusa.

Yeye, ambaye tangu ana miaka sita
huuliza kwa kidole gumba, na udongo ukajibu!
Udongo uuwahi ungali maji.
Kioo je? Kioo kiwahi kingali moto,
ila ukikigusa, hesabu mkono majivu.
Siku tatu alikaa kwenye benchi, viganja kwapani,
akiangalia asali nyekundu ikizunguka ncha ya mwanzi wa chuma
na mzee akiipapasa kwa gazeti lililoloweshwa,
kurasa nane zilizokunjwa,
habari za jana zikifuka moshi kiganjani.
Matokeo ya mpira wa magongo. Tanzia. Bei ya kuni.
"Mimi nagusa hivi tu," Taisto alisema, kwa Kifini.
Eulogia akajibu kwa Kizapoteki.
Mkalimani alikuwa nje, anavuta sigara.

Siku ya nne akaomba udongo.
Wakamletea wa kijivu, mnyonge.
Akauonja kwa ulimi, akakunja uso, akaufinyanga hivyo hivyo,
bila gurudumu, akiuzungusha juu ya kigae:
tumbo, bega, shingo fupi.
Ndani hakulainisha. Gunzi aliliweka kando makusudi.
Aliviacha vidole vyake vyote humo,
safu kwa safu, kama manyunyu juu ya vumbi.
Chungu kikaanikwa wiki mbili, kikachomwa.
Taisto akakipasha moto, akaishusha asali yake shingoni,
akapuliza.

Pumzi ya mzee wa miaka sabini na moja,
aliyekwisha kukatwa kipande cha pafu,
ikajaza lile tumbo
mpaka kila kidole kikapata kioo chake.

Usiku kucha kazi ilipoa taratibu ndani ya tanuri.
Asubuhi Eulogia akashika nyundo.
Taisto aligeukia dirishani; hakuwahi kuona
mtu akivunja chungu chake mwenyewe huku anapiga mluzi.
Likaanguka gae, na gae, na gae,
kioo kikatoka kimevaa mikono
ambayo haijakigusa hata mara moja.

Sasa mkuu wa idara ananiuliza: hii ni sanaa au ni ufundi?
Ukumbi wa ghorofa ya pili, ama duka la zawadi?
Sijui. Ninachojua, ukiuinua kwenye mwanga,
kuna kovu la kidole cha shahada, cha kushoto,
alipojikata na panga akivuna mahindi,
na chini ya kovu kuna povu, dogo kama punje ya mtama,
pumzi iliyokosa njia.

Ama kuhusu magae: mfinyanzi hulia gaeni, ndiyo,
lakini huyu aliyatia yote ndani ya soksi za sufu
alizofumiwa na mke wa Taisto,
akalipia kilo nne za ziada uwanja wa ndege
ili ayasage nyumbani, ayachanganye na udongo mwekundu.
Mahali fulani kule Oaxaca kuna chungu cha maharagwe
chenye Februari yetu ndani yake.
Nani atakiandikia kadi?

Jina la msanii:
nimeandika mawili. Nimefuta.
Nimeandika mawili tena,
lake kwanza, halafu lake.