Mahali pa Kamera

Walikuja Kivumbini Jumanne, kabla vumbi la ziwa halijaamka,
na taa tatu za miguu mirefu,
na jenereta iliyokohoa hadi watoto wakaiigiza.
Walitaka chumba. Wakachagua chetu.
"Kina sura," alisema mwelekezi, Bi Wairegi,
akigusa ukuta kwa kidole kimoja
kama anayepima joto la uji.
Elfu nne kwa siku. Mama akakubali
kabla sijameza mate.

Kisha wakaanza kukifukarisha.
Jokofu langu dogo, nililolilipia miezi kumi na minne,
likatolewa nje, likakaa juani
kama mgeni aliyefika matangani bila mchango.
Vitambaa vya kochi, kazi ya mikono ya mama, vikakunjwa.
Kijana mmoja mwenye brashi akatuchorea ukungu
kwenye kona niliyoisugua Jumapili.
"Mtazamaji asipouona umaskini haamini," akaniambia kwa upole,
na mimi nikamshikia ngazi.

Kamera ilihitaji nafasi.
"Bahati nzuri hapa pako wazi," alisema Bi Wairegi,
akionyesha kushoto, chini ya dirisha.
Nikasema, ndiyo.

Hadithi yao ilikuwa ya kijana wa kamari.
Anabeti mechi za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani,
anauza mtungi wa gesi, anauza kitanda cha mamake,
na dakika ya ishirini na nane analia mvuani.
Mvua ililetwa kwa bauza.
Mferejini kwetu ilikuwa siku ya nne bila tone,
basi watoto wa Chepkirui wakaingia na madebe
katikati ya msiba, wakaikinga.
"Kata!" akapiga kelele mtu. Hawakukata.
Maji ni maji.

Ndugu yangu Khaemba alipewa mia tano
apite nyuma mara mbili, amebeba mkate.
Simu ilimtetemeka mfukoni, niliiona:
wale wa mikopo, wenye sauti za adabu,
wanaolijua hata jina la mama mkwe wako.
Alimtazama mwigizaji akilia, mara ya kwanza, ya tatu, ya sita.
Kati ya kilio na kilio mwigizaji alikunywa soda
akauliza kama mechi imeanza.
"Hulii hivyo," Khaemba akamwambia.
"Ukipoteza hulii. Unahesabu."
Bi Wairegi akasikia. Wakapiga tena, bila machozi,
kijana akisogeza midomo tu, nasi sote tukanyamaza,
hata jenereta, nadhani.

Alhamisi iliyorushwa ilikuwa ile ya machozi. Na zeze.

Tulikuwa kumi na mmoja mbele ya runinga.
Majirani walicheka kuona kamba yao ya nguo.
"Mbona nyumba yetu haina jokofu?" aliuliza mama,
na jokofu likinguruma mgongoni pake.
Khaemba akapita na mkate wake, sekunde tatu,
tukapiga makofi.
Kipindi kikapumzika. Likaja tangazo:
kijana anacheka, noti zinamwagika,
tuma shilingi ishirini kwa namba hii.
Sikumtazama ndugu yangu. Niliusikia tu mkono wake
ukiingia mfukoni, au ukitoka.

Sisemi walidanganya.
Mimi nililelewa na hadithi za kioo,
nikizitazama kutoka nje, dirishani kwa Mama Akoth,
kupitia wavu wa mbu, hivyo kila uso,
wa tajiri na wa mwizi, ulikuwa na viraka vidogo vidogo.
Bado nazipenda.
Ila kamera haiwezi kujitazama miguuni.

Ukungu wa rangi umekataa kutoka.
Nimeujaribia sabuni, nimeujaribia petroli. Sasa ni wetu.
Na chini ya dirisha, kwenye zulia la plastiki,
kuna alama nne za cherehani yangu, iliyoondoka Machi
bila mtu kuniuliza,
na ndani yake alama tatu za kamera.
Nikipiga deki nazizunguka.